Maswali ya Wasomaji: Sanamu za Kadibodi Pamoja na Watoto

Barua zilizotufikia kuhusu sanamu za kadibodi ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu, kwa hiyo nimechagua zile ambazo maswali yake yamejirudia katika barua nyingine. Nimefanya kazi hii na watoto kwa miaka mingi, wangu na wa wenzangu, mezani na sakafuni, na majibu yangu yametokana na mikono zaidi kuliko vitabu.

Twiga wetu ameanguka mara tatu

*Ndugu Mhariri, binti yangu mwenye umri wa miaka saba alitaka kutengeneza twiga mwenye kimo sawa na chake. Tulikata miguu minne na shingo kutoka kwenye boksi kubwa, tukaunganisha kwa gundi, lakini miguu ilipinda na twiga akaanguka kabla gundi haijakauka. Tumejaribu mara tatu. Je, kadibodi haifai kwa sanamu kubwa, au sisi ndio tuliokosea? – Mama wa mtoto mmoja*

Mama, kadibodi inafaa, na binti yako amechagua mnyama mwenye mafunzo mengi, kwa sababu twiga ni mzigo ulioinuliwa juu ya fimbo nne. Kabla hamjakata tena, chukueni kipande cha boksi mkitazame ukingoni. Mtaona karatasi mbili bapa, na katikati yake karatasi ya tatu iliyokunjwa kama mawimbi. Mawimbi hayo hufanya mifereji midogo inayoelekea upande mmoja tu, na tabia yote ya kadibodi inatokana na mwelekeo huo. Mwache binti ajaribu mwenyewe: akunje kipande kwa kufuata mifereji, kisha akunje kingine kwa kuikatiza. Mkunjo wa kwanza utakuja kwa wepesi na kunyooka. Wa pili utakataa, na ukilazimishwa utajikunyata na kuvunjika ovyo. Jaribio hilo huchukua dakika mbili, na mtoto akishalifanya kwa vidole vyake huanza kugeuza kila kipande na kukikagua ukingo kabla ya kukikata.

Ninavyoisoma barua yako, miguu ya twiga wenu huenda ilikatwa mifereji ikiwa imelala kutoka kushoto kwenda kulia, na mguu wa namna hiyo hupata goti mahali ambapo hamkulikusudia. Mifereji inapaswa kusimama, kuanzia kwato hadi tumboni, kama mabua yaliyofungwa pamoja. Hata hivyo, kwa kimo mnachokitaka, kipande bapa hakitatosha, kwa kuwa kinavumilia kulemewa kutoka juu lakini hakivumilii kusukumwa ubavuni. Kikunjeni kwa urefu wake, mkifuata mifereji, mpaka kiwe bomba la pembetatu, kisha mkizungushie mkanda wa karatasi. Nalipenda bomba la pembetatu kuliko la mraba kwa sababu bomba la mraba likisukumwa huinama na kulala upande, ilhali pembetatu hubaki na umbo lake mpaka ubavu wake mmoja uvunjike. Ili mikunjo inyooke, pitisheni kwanza ncha ya kalamu iliyokwisha wino kandokando ya rula, kwa kukandamiza bila kukata.

Kuna jambo la maungio, ambalo ndilo lililowaangusha kwa hakika. Gundi haiwezi kushika ncha ya mguu iliyogusa tumbo kwa ukingo mwembamba tu, inahitaji eneo. Pasueni ncha ya juu ya kila bomba katika kona zake tatu, mpaka kina cha vidole viwili, mkunje vipande hivyo vielekee nje kama petali za ua, na hivyo ndivyo vipakwe gundi na kubandikwa chini ya tumbo. Kwa sehemu zilizo bapa, kama masikio, pembe na mkia, tumieni mpachiko: kila kipande kikatwe mkato unaofika nusu ya upana wake, kisha viwili hivyo viingizwe kimoja ndani ya kingine. Upana wa mkato uwe sawa na unene wa kadibodi, ambao kwa boksi la tabaka moja la mawimbi huwa kati ya milimita 3 na 4. Mkato ukiwa mpana, kiungo hulegea. Ukiwa mwembamba, ukingo husagika wakati wa kuingiza. Mtoto hana haja ya kupima kwa rula: asimamishe ukingo wa kipande kimoja juu ya kingine, apige penseli pande zake mbili, na vipimo vimepatikana.

Shingo nayo isibandikwe mgongoni. Toboeni mgongo, muishushe shingo ndani ya mwili mpaka iguse tumbo, na muigundishe katika sehemu zote mbili, kule inakoingia na kule inakokanyaga. Kichwa kitengenezwe kwa kadibodi nyembamba isiyo na mawimbi, kama ile ya paketi ya dawa ya meno, kwa kuwa kila gramu iliyo juu huvuta sanamu nzima. Miguu ipanuliwe kidogo kuelekea nje, na ndani ya mabomba, karibu na kwato, mtie vifuko vidogo vya kokoto au mchanga.

La mwisho kwa twiga huyu, na naomba mlizingatie: msimamisheni kwanza bila gundi, kwa mikanda ya karatasi pekee, mkamwangalie anakoelekea kuangukia. Akiegemea mbele, mguu wa mbele unahitaji kusogezwa. Akizunguka, mguu mmoja ni mfupi. Kuanguka katika hatua hiyo hakuna gharama, na binti ndiye atakayesema ni mguu upi uguswe.

Boksi gani, na gundi ipi?

*Nimenunua gundi mbili tofauti na zote zimenikatisha tamaa. Jirani ananiambia nipike uji wa unga wa ngano. Je, ni kweli unashika? Na je, kila boksi linafaa? – Baba wa mapacha*

Ndugu, uji unashika, lakini kazi yake si ile ya gundi nyeupe. Uji wa unga ni wa kubandikia karatasi juu ya karatasi: vipande vya gazeti vinavyofunika kiunzi, ngozi ya mnyama, uso wa kinyago. Koroga kikombe kimoja cha unga na maji kidogo ya baridi mpaka madonge yaishe, ongeza maji mpaka yafike vikombe vinne, kisha pika kwa moto mdogo huku ukikoroga, mpaka uji uwe mzito na weupe wake uanze kufifia. Uache upoe kabisa kabla watoto hawajaugusa. Hudumu siku mbili au tatu, na ukianza kunuka uchachu au kuota ukungu, utupwe.

Kwa maungio yanayobeba uzito, tumia gundi nyeupe ya mbao au ya karatasi. Wengi huilaumu gundi hii kwa kosa lisilo lake, kwani huipaka nene wakidhani wingi ndio nguvu. Tabaka nene hukauka juu na kubaki bichi ndani. Paka nyembamba, bana kwa vibanio vya nguo kwa nusu saa, kisha uiache sanamu ilale usiku kucha bila kuguswa. Subira hiyo ni ngumu kwa pacha wawili, kwa hiyo panga kazi ya gundi iwe ya jioni.

Kuhusu maboksi, epuka yaliyopakwa nta au plastiki yenye kung'aa, maana gundi na rangi huteleza juu yake. Yaliyobeba dawa za kuulia wadudu, kemikali au nyama mbichi yasiingie mikononi mwa watoto. Ng'oa pini zote za chuma. Boksi lililowahi kulowa, hata likikauka, mawimbi yake huwa yamelegea. Bonyeza kwa kidole gumba, na likibaki na shimo, liache kwa kazi ya kuchanwachanwa tu.

Mmoja ana miaka mitatu, mwingine tisa

*Ninaogopa visu na ninaogopa zaidi gundi ya moto. Mdogo hutaka kufanya kila anachofanya mkubwa. Ninawezaje kuwaweka mezani pamoja? – Mama wa wawili*

Mama, hofu yako ina msingi. Gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa umeme inaweza kufika nyuzi joto 190, na hung'ang'ania kwenye ngozi inapounguza. Mimi siitumii watoto wadogo wakiwa mezani, na sijaona sanamu ya mtoto iliyoshindikana kwa kukosa gundi hiyo.

Wembe na kisu cha kukatia kadibodi viwe mikononi mwako peke yako. Tumia wembe mpya, kwani ulio butu humlazimisha mkataji kutumia nguvu, na nguvu ndiyo inayouchepusha. Weka ubao chini na rula ya chuma pembeni, mkono ulioshika rula usikae kamwe kwenye njia ya wembe, na pitisha mara tatu au nne kwa wepesi badala ya kukata kwa mkupuo mmoja. Mtoto wa miaka tisa apewe mkasi imara kwa kadibodi nyembamba, na kwa ile nene apewe kisu cha plastiki chenye meno, kile ambacho hukata kwa kusugua kama msumeno.

Mdogo apewe kazi ya kweli, wala si ya kumpotezea muda, kwa kuwa watoto wa umri huo hutambua tofauti hiyo haraka. Lowesha kipande cha boksi, umwonyeshe jinsi ya kubandua karatasi ya juu mpaka mawimbi yatokee. Sehemu hiyo yenye mistari ndiyo itakayokuwa manyoya, magamba au paa la nyumba katika sanamu ya mkubwa. Achane karatasi, apake uji, achomeke vijiti butu katika mifereji. Vipande vidogo vinavyoweza kumezwa viwe upande wa pili wa meza, na wewe ukae katikati.

Jambo moja nimelishika kama sheria katika kukata. Mtoto achore mstari, nami nikate juu ya mstari huo huo, hata nikiona umepinda. Nikiunyoosha, kitakachosimama mezani si wazo lake tena.

Simba aliyependeza akaachwa

*Mjukuu wangu wa miaka mitano alitengeneza simba, akaona hafanani na simba wa kwenye picha, akalia sana. Nilimwonea huruma. Nikamkatia kichwa kipya, nikamchorea macho, nikaunyoosha mkia. Simba akapendeza, na kila mgeni anamsifu, lakini mtoto hajamgusa tena tangu siku hiyo. Nilikosea wapi? – Bibi wa wajukuu watatu*

Shikamoo, Bibi. Ulichokifanya ulikifanya kwa mapenzi, nami nimewahi kukifanya. Mwanangu wa kwanza alitengeneza ndege mwenye mabawa matatu. Usiku, alipolala, nikalitoa lile la tatu na kuyalinganisha yaliyobaki, nikidhani nitamfurahisha. Asubuhi aliniuliza liko wapi bawa la kulalia. Ndege wake alikuwa na mabawa mawili ya kurukia na moja la kujifunika, na mimi nilikuwa sijauliza. Tangu siku hiyo sijagusa kazi ya mtoto bila kuombwa, na hata nikiombwa, huonyesha kwenye kipande kingine, kisha kipande hicho nakiweka kando.

Katika umri wa mjukuu wako, mtoto huanza kulinganisha alichokikusudia na alichokipata, na kilio chake mara nyingi hutokana na umbali huo. Ukimfutia umbali huo kwa mikono yako, anabaki na simba mzuri ambaye si wake, na anajifunza kwamba mikono yake haikutosha. Ndiyo maana hamgusi. Sifa za wageni nazo humwongezea uzito, kwa kuwa anajua zinakwenda kwa nani.

Wakati mwingine akilia, ketini kwanza, machozi yapite, kisha mwulize kuhusu simba mwenyewe na si kuhusu makosa yake. "Anatazama wapi?" "Anataka kufanya nini sasa?" "Ni sehemu gani yake unayoipenda?" Maswali hayo humrudisha ndani ya kazi. Swali la "Hiki ni nini?" liepuke, maana humwambia mtoto kwamba hakitambuliki. Akisema mkia ni mbaya, mwulize ni mbaya vipi: ni mfupi, mnene, au umelala? Akishalitaja kosa kwa jina, mara nyingi huona mwenyewe la kufanya.

Nakushauri pia muiweke picha kando kwa muda. Mwanzo ulio mwema zaidi ni rundo la mabaki: vipande vya pembe mbalimbali, mabomba ya karatasi, vifuniko. Mtoto avipange sakafuni, avigeuze, mpaka kimoja kimfanane na mdomo au mgongo. Hapo sanamu hutoka katika kadibodi yenyewe, na hakuna picha ya kushindana nayo. Wewe nawe utengeneze yako pembeni yake, kwa dhati, ukikosea mbele yake na kurekebisha mbele yake. Mikono yako inayotaka kusaidia itapata kazi yake.

Na kile kichwa cha kwanza, kama hukukitupa, mrudishie bila maelezo mengi. Mwambie ulikichukua bila ruhusa yake, na umwombe radhi. Anaweza kukirudisha mahali pake, anaweza kumpa simba vichwa viwili. Lolote atakalochagua, liache.

Rangi inapindisha kila kitu

*Tukipaka rangi, kadibodi hujikunja kama jani kavu. Tatizo ni rangi au brashi? – Msomaji wa miaka mingi*

Tatizo ni maji. Nyuzi za karatasi zikilowa huvimba na karatasi hutanuka, na upande mmoja ukitanuka huku wa pili ukibaki ulivyo, kadibodi hupinda. Paka pande zote mbili siku hiyo hiyo, hata ule usioonekana, na rangi iwe nzito kuliko mnavyoitumia kwenye karatasi ya kuchorea. Ikiwa sanamu imefunikwa magazeti kwa uji, kila tabaka likauke kabisa kabla ya jingine, jambo ambalo huweza kuchukua siku nzima, kwa sababu unyevu uliofungiwa ndani huleta ukungu. Selotepu ya plastiki haishiki rangi ya maji. Ibandikieni karatasi juu yake kwanza.

Ningependa pia mjaribu kuacha sehemu bila rangi. Kahawia ya kadibodi, kingo zake zenye mawimbi na kivuli kinachoanguka katika mikunjo vinatosha kwa sanamu nyingi, na macho mawili meusi juu ya kadibodi tupu huonekana kwa mbali.

Je, hii ni sanaa au ni takataka zilizogundishwa?

*Mume wangu anasema ningemnunulia mtoto udongo wa kufinyangia au vyombo halisi, kwa kuwa sanaa haitoki katika maboksi. Ungemjibu nini? – Msomaji wa kike*

Ningemsimulia kwanza historia ya chombo chenyewe. Karatasi ya mawimbi ilipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, Uingereza mwaka 1856, na kazi yake ilikuwa bitana ya kofia ndefu za wanaume. Mwaka 1871, Albert Jones wa New York alipata hataza ya kuitumia kufungia chupa, na miaka mitatu baadaye Oliver Long akaongeza karatasi bapa za kuishikilia. Tangu awali, kwa hiyo, ni chombo kilichobuniwa kwa kufikiri sana kuhusu wepesi na nguvu.

Kisha ningemkumbusha kwamba mwaka 1912, jijini Paris, msanii wa Kihispania Pablo Picasso alitengeneza gitaa kwa kadibodi, karatasi, uzi na waya. Halikuchongwa wala kufinyangwa. Lilijengwa kwa vipande vilivyokatwa na kupachikwa, na tundu lake la sauti lilijitokeza nje kama bomba badala ya kuingia ndani. Mwaka 1914 alilitengeneza tena kwa bati. Gitaa la kadibodi limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa, New York, na wanahistoria wa sanaa hulitaja miongoni mwa kazi zilizofungua njia ya sanamu za kujengwa. Na kwa asiyejali makumbusho, ipo kazi ya msanifu majengo wa Japani, Shigeru Ban: baada ya tetemeko la Februari 2011 kuharibu kanisa kuu la Christchurch, New Zealand, alisanifu kanisa la muda ambalo paa lake limepangwa kwa mabomba makubwa ya kadibodi pamoja na mbao na chuma, likafunguliwa mwaka 2013.

Udongo ni mzuri, na mtoto akiupata aufurahie. Lakini udongo hufuata kidole kwa utiifu, ilhali kadibodi hujibu: inakubali kupinda huku, inakataa kule, na mtoto hulazimika kufikiri kabla ya kukata. Tena kwa kuwa boksi halikununuliwa kwa ajili yake, haogopi kosa. Mume wako aombwe aketi na mtoto Jumamosi moja na kumkatia mapachiko. Nadhani ataona.

Nyumba imejaa

*Tuna ngome mbili, mamba, roketi na viumbe tusivyovijua majina. Siwezi kuvitupa na siwezi kupita. – Mama mchovu*

Pole, Mama. Chagueni rafu moja, na iwe wazi kwa wote kwamba rafu hiyo ndiyo makumbusho. Kinachoingia kikikosa nafasi, mtoto ndiye anayeamua kipi kitoke, na kabla hakijatoka kipigwe picha akiwa amekishika, ili ukubwa wake uonekane. Msikivunje akiwa shuleni.

Sanamu zikae mbali na sakafu yenye unyevu, na zile za uji wa unga zikaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa mende na wadudu wengine hupenda wanga. Kadibodi iliyo tupu inaweza kwenda kwenye urejelezaji; iliyojaa rangi na gundi mara nyingi haipokelewi.

Lakini kabla ya hapo, mketi kuibomoa pamoja. Kisu butu cha kupakia siagi kikipitishwa polepole kwenye kiungo huachanisha vipande bila kuvichana, na mtoto hufurahi kukuta tena miguu, pembe na magurudumu aliyoyakata miezi iliyopita. Vile vilivyo imara vitiwe katika boksi moja, juu yake aandike kwa mkono wake kilichomo. La kwangu, chini ya meza ninapoandikia, limeandikwa "mikia na madirisha".